Msaidizi Aliyejiuzulu Zizini

Mluzi. Mrefu, wenye mkunjo katikati kama kamba inayorushwa juu ya pembe, halafu kimya.

Ulisikika ndani ya chumba cha mtihani, katika kampasi ya kilimo ya chuo kikuu kimoja nje ya Kitengela, mwaka wa 2002, wanafunzi wakiwa wameinamia swali la tatu. Aliyeupiga alikuwa msimamizi wa mtihani mwenyewe. Alikuwa amesimama dirishani, mikono nyuma, akitazama uwanda, na midomo yake ikafanya ilichozoea kufanya. Vichwa viliinuka darasa zima. Mwanafunzi mmoja, hadi leo hawezi kueleza kwa nini, alisogeza kiti chake upande wa kushoto.

Msimamizi huyo aliitwa Tajeu Meitamei. Alikuwa mrefu na mpole, mwenye mashati mawili ya ofisini na fimbo moja aliyoiacha kwa bawabu kila asubuhi. Kwao kulikuwa upande wa Isinya, kwenye boma lililobaki katikati ya nyaya za watu walionunua ploti. Baba yake alifariki Tajeu angali shule ya upili. Tangu hapo boma lilikuwa na watu wawili, yeye na mama yake Tabitha, na ng'ombe.

Mwaka uliotangulia alikuwa amechukuliwa kuwa msaidizi katika Idara ya Malisho na Mifugo, huku akisomea shahada ya uzamili. Usaidizi huo ulikuwa rahisi kuueleza. Wewe unasahihisha karatasi za wadogo zako, unasimamia mitihani, unabeba projekta na waya zake. Chuo nacho kinakusamehe karo na kukupa posho ya kukuzuia usianguke njiani. Ukipoteza usaidizi, karo inarudi yote siku hiyo hiyo. Karo ikirudi, shahada inaondoka. Tajeu alilijua hilo kila alipofungua macho.

Masharti ya usaidizi yalijaza kurasa nyingi, na yalionekana yameandikwa na mtu aliyewahi kuumwa. Msaidizi asiegeshe gari mahali pa mhadhiri. Hakuna msaidizi aliyekuwa na gari. Msaidizi asiondoke mezani pake saa za kazi bila ruhusa. Meza ya Tajeu ilikuwa ndani ya stoo, nyuma ya mashine ya fotokopi, na mtu yeyote alipotaka kutoa nakala ilimlazimu Tajeu asimame, atoke nje, angoje, aombe ruhusa ya kuwa ametoka, kisha arudi. Sharti la tisa lilikuwa fupi kuliko yote: katika kipindi cha usaidizi, msaidizi hatakuwa na kazi nyingine yoyote.

Idara yenyewe haikuwa na ng'ombe. Ilikuwa na picha ya ng'ombe. Mbele ya jengo kulikuwa na nyasi zenye kibao cha kukataza watu kuzikanyaga, malisho mazuri kuliko yote kutoka pale hadi Kajiado, na kila Ijumaa zilikatwa kwa mashine, zikarundikwa, zikachomwa moto. Siku ya Ijumaa Tajeu aliketi akilipa dirisha kisogo.

Baada ya ule mtihani aliitwa na mkuu wa idara, Daktari Ndambuki.

"Tajeu, ulikuwa unafanya nini pale dirishani?"

"Nilikuwa nawageuza, Daktari."

"Wanafunzi?"

"Hapana, ng'ombe. Kulikuwa na ng'ombe za watu hapo chini zinaingia kwa shamba ya nyanya."

"Zikageuka?"

"Zikageuka."

Daktari Ndambuki alimtazama kama mtu anayetaka kupongeza na hana kifungu cha kupongezea. "Na hiyo ulijifunza wapi?"

"Nyumbani. Mimi hutoa zetu asubuhi kabla nikuje. Mchana kuna jirani, Lemein, ananishikia. Wikendi ni mimi."

Daktari alivua miwani. "Kwa hivyo uko na kazi nyingine."

"Hapana, Daktari. Hiyo si kazi. Ni ng'ombe tu."

Jibu hilo lingemwokoa mbele ya mtu mwingine yeyote. Lakini Daktari Ndambuki alikuwa amepata udaktari wake kwa kuthibitisha kwamba hiyo ni kazi. Ujanani alikaa karibu na Illasit akiwafuata wachungaji huku ameshika saa ya kupimia mbio. Aliwapima wakitembea, wakisimama kwa mguu mmoja, wakitoa mwiba kwatoni, wakitazama tu mbali. Akaandika tasnifu nene yenye jalada la buluu, na hitimisho lake lilikuwa kwamba hakuna karani wa serikali anayefanya kazi nusu ya mchungaji. Waliomtahini walimpigia makofi. Tasnifu hiyo ilikuwa kwenye rafu nyuma yake, na sasa aligeuka kuitazama.

"Ukisema si kazi," alisema polepole, "mimi nitakuwa daktari wa nini?"

Wanaume wawili waliopendana kwa kiasi walitazamana kwa huzuni juu ya meza.

Masharti yalisema tuhuma ya kazi nyingine ichunguzwe nyumbani kwa msaidizi, na maofisa wawili, mwenyewe asiwepo. Basi Jumamosi moja, Tajeu akiwa malishoni, pikapu ya idara iliacha barabara ya Namanga na kuyumba kwenye udongo mweusi hadi kwa Tabitha. Ndani yake alikuwa Daktari Ndambuki, amevaa tai. Kando yake alikuwa Naliaka, karani wa idara, msichana wa Kitale ambaye hakuwahi kutumwa nje ya ofisi na kwa hivyo alikuwa amevaa nguo ya kanisani. Alikuwa amebeba sukari na majani ya chai, maana mama yake alimfundisha kwamba boma la mtu haliingiwi mikono mitupu.

Tabitha aliwaona kutoka mbali. Mzee wa heshima. Msichana aliyevaa vizuri. Sukari. Alijua mara moja kilichowaleta. Alijua pia kwamba kwa Wamaasai ni upande wa mwanamume unaokwenda kuposa, lakini watu wa ofisi alishawaona wakifanya mambo mengi kinyumenyume, na hakutaka kuwaaibisha. Akafunga shuka vizuri, akavaa shanga, akatoka.

"Takwenya," alimsalimu Daktari, aliyejivunia Kimaa chake, lugha ya Wamaasai aliyoiokota Illasit.

"Iko!" Tabitha aliitikia, na furaha yake ikaongezeka.

Walipewa chai kwanza. Waliulizwa habari za njia, za mvua huko walikotoka, za mifugo. Naliaka alisema nyumbani kwao wana ng'ombe mmoja wa gredi, na Tabitha akampa pole. Vikombe vilipokwisha, Daktari Ndambuki alikohoa.

"Mama, tumekuja kuuliza juu ya kijana yako. Anafanya kazi?"

"Huyu?" Tabitha alicheka. "Huyu alizaliwa na kazi. Mimi nilimbeba tu."

"Kazi gani?"

"Ya ng'ombe! Anaamka kabla ya ndege. Jua, mvua, baridi, yeye ni ng'ombe tu. Ukimwambia pumzika anakuuliza, kupumzika ni kitu gani?"

Naliaka aliandika. Kalamu yake ilikimbia, na Tabitha akapendezwa na mbio hizo.

"Na masomo?" aliuliza Daktari.

Tabitha alikuwa amesikia kwamba wasichana wa siku hizi huogopa mwanamume anayesoma bila kumaliza. "Masomo ni kitu kidogo. Anashika karatasi jioni akingoja chakula. Hiyo isiwatishe. Tutamwachisha."

"Mtamwachisha?"

"Kabisa. Akishapata mtu wa kuongea naye hataona haja."

"Na ng'ombe ni wangapi?"

"Ng'ombe hawahesabiwi, baba. Ukihesabu unawaita wabaya." Akamgeukia Naliaka, akashusha sauti. "Lakini maziwa hayatakosekana. Hanywi pombe. Hapigi mtu. Meno yake yote yako."

"Daktari," Naliaka aliuliza kwa adabu, "meno niandike?"

"Andika," alisema Tabitha kabla Daktari hajafungua mdomo.

Walipoinuka kwenda, Tabitha aliwazuia mlangoni. Mgeni wa namna hii hatoki hivihivi. Akaingia kati ya kondoo na kurudi na jike mmoja mweupe mwenye kichwa cheusi, akaweka mkono wa Daktari Ndambuki juu ya mgongo wake.

"Huyu ni wako. Kutoka leo sikuiti Daktari. Nakuita Paker, na wewe unaniita Paker. Watu waliopeana kondoo huitana hivyo mpaka kufa."

Daktari aliijua desturi hiyo. Ilikuwa kwenye sura ya pili ya tasnifu yake, tanbihi. Alijua pia kwamba kukataa ni matusi. Pikapu ilikuwa imejaa viti vibovu vya idara, kwa hivyo ilikubaliwa kondoo abaki na wenzake.

"Tajeu atakuchungia," alisema Tabitha.

Jioni Tajeu alirudi na vumbi lake. Mama yake alimpokea akiimba chini kwa chini.

"Wageni wako walikuja. Msichana nimempenda. Mfupi kidogo, lakini anaandika kama mvua."

"Wageni gani, yeyo?" aliuliza, akimwita mama kwa Kimaa.

"Wale wa kukuuliza. Mzee mwenye tai. Anajua Kimaa, kibaya, lakini anajua."

Tajeu alikaa chini palepale alipokuwa, ambapo hapakuwa na kiti. "Uliwaambia nini?"

"Nilikusifu! Nilisema uko na kazi, hulali, na masomo utaacha."

"Yeyo, umenifukuzisha kazi."

"Kazi gani tena? Si nimewaambia uko nayo?"

Alimweleza. Ilichukua muda, kwa sababu kila alipofika kwenye sharti la tisa Tabitha alimsimamisha na kuomba arudie, akitumaini mara hii litasema kitu kingine. Mwishowe akasema, "Kwa hivyo yule si mkwe."

"Si mkwe."

"Na kondoo wangu?"

Kamati ya usaidizi ilikaa wiki iliyofuata chini ya Profesa Wathome, mkuu wa kitivo, mtu aliyeyajua masharti kwa moyo kwa sababu yeye ndiye aliyeumwa. Tajeu aliitwa. Mwajiri wake pia aliitwa, na kwa kuwa hakuna aliyejua mwajiri ni nani, alikuja Tabitha.

Aliingia, akatazama meza yote, akaona uso mmoja anaoufahamu. "Paker!" alisema kwa sauti kubwa. "Kondoo wako hajambo. Ana mimba."

Daktari Ndambuki alitazama glasi yake ya maji.

"Hilo tutalirudia," alisema Profesa Wathome. "Mama, hao ng'ombe ni wako?"

"Hapana. Mimi nakamua tu. Ni wa Tajeu."

"Basi amejiajiri mwenyewe."

"Hapana, Profesa," alisema Tajeu. "Si wangu. Mimi nawashikilia tu. Ni wa watoto wangu."

"Una watoto?"

"Bado."

Profesa aliandika, akakata, akaandika tena. "Kwa hivyo mwajiri wako hajazaliwa."

"Ndiyo, Profesa."

"Na anatarajiwa lini?"

Tabitha aliguna. "Hilo mimi mwenyewe nimeuliza miaka mingi." Akamtazama Naliaka, aliyekuwa pembeni akiandika kumbukumbu za mkutano. Naliaka aliandika hilo pia, kisha masikio yake yakapata joto.

Mtu mmoja wa kamati alipendekeza iamuliwe tu kwamba uchungaji si kazi, watu waende wakale chakula cha mchana. Daktari Ndambuki alisema kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino kwamba hilo haliwezekani kitaaluma. Mwingine alipendekeza Tajeu aachiwe ng'ombe wa asubuhi tu. Ikaonekana masharti hayagawi ng'ombe. Tajeu alisimama katikati yao, mikono ubavuni. Kila aliposikia neno "kufutwa" aliona karatasi za miaka miwili zikirundikwa kama nyasi za Ijumaa.

Uamuzi ulisomwa saa ya chai. Kazi hiyo ni kazi. Tajeu anaweza kubaki kuwa msaidizi, mradi ajiuzulu kazi hiyo kwa maandishi, na notisi isomwe mbele ya mwajiri. Kwa kuwa mwajiri hajazaliwa, notisi isomewe ng'ombe, wao wakiwa ndio watakaoathirika, mashahidi wawili wakiwepo. Asipofanya hivyo kabla ya muhula kwisha, usaidizi wake umekoma.

"Na sasa kondoo," alisema Profesa Wathome.

Ilibainika kwamba masharti ya wakuu wa idara yalikuwa yametolewa fotokopi kutoka yale ya wasaidizi, sharti la tisa likiwemo. Daktari Ndambuki alikuwa mfugaji. Kitu pekee ambacho angeweza kufanya ni kumrudisha kondoo.

"Harudishwi," alisema Tabitha. "Ukirudisha umesema mimi si mtu."

Basi Daktari naye akapewa notisi ya kuandika.

Siku za katikati hazikuwa nzuri nyumbani. Tabitha hakukasirikia chuo. Chuo alikihesabu pamoja na ukame na kupe. Alichoogopa ni maneno yenyewe. Mtu hawaambii ng'ombe kwamba anawaacha. Wakisikia, wanapoteza imani. Wanaanza kulala wakitazama njia. Marehemu mume wake hakusema neno hilo hata alipokuwa akipelekwa hospitali. Alisema anakwenda kutazama majani ya upande ule. Tajeu naye alikuwa mwana wa huyo mtu. Aliiandika barua mara nyingi, na kila mara aliandika "nasikitika" mahali ambapo haikuhitajika. Alifikiri kuiacha shahada. Alifikiri kumpa Lemein ng'ombe wote. Alifikiri hayo yote akisahihisha karatasi za wanafunzi, na alama zao ziliteseka.

Asubuhi ya kusoma notisi pikapu ilifika mapema, ng'ombe wakiwa bado zizini. Daktari Ndambuki alikuwa na tai ileile. Naliaka safari hii alivaa viatu vya kukanyagia udongo. Tajeu alisimama langoni mwa zizi, karatasi mkononi.

Mama yake alikuja akasimama kando yake. "Hiyo imeandikwa kwa lugha gani?"

"Kizungu, yeyo. Masharti yanataka Kizungu."

Tabitha aliwatazama ng'ombe mmoja mmoja. Uso wake ukafunguka taratibu.

"Basi soma. Hawa hawajaenda shule."

Akasoma. Alisimama wima akasoma kwa sauti ya kusimamia mtihani, ile isiyo ya mtu yeyote, kwamba yeye, aliyetajwa hapo chini, anajiuzulu kutoka majukumu yote ya kuchunga, kunywesha, kutibu na kugeuza, na kwamba anawashukuru kwa ushirikiano. Ng'ombe waliendelea kucheua. Ni Mpus peke yake aliyesogea, yule jike mzee mwenye rangi ya majivu aliyeongoza wengine. Alinusa karatasi, akaichukua kwa ulimi kutoka mkononi mwa Tajeu, akaila.

Naliaka alisita. "Daktari, niseme nini hapa?"

"Andika imepokelewa."

Ikawa zamu ya Daktari mwenyewe. Alitoa barua yake, akatazama kundi la kondoo, na ikaonekana wazi kwamba hamjui wake ni yupi. Alikuwa amepima saa za wachungaji kwa miaka, na hakuwahi kuwa na mnyama. Tabitha alimshika mkono akampeleka. "Huyu, Paker. Tazama tumbo." Daktari aliinama. Alimtazama kondoo kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji shahidi yeyote.

"Ni mzuri," alisema.

Kisha akajiuzulu. Alisoma haraka, kama mtu anayepita mahali penye harufu ya chakula. Alipomaliza aliuliza, bila kumtazama mtu, kondoo akizaa itakuwaje. Tabitha akamwambia aje aone, kuona si kazi. Daktari alifikiri juu ya hilo, akipitia sura zote za tasnifu kichwani, akakubali kwamba kuona hakukupimwa.

Walipata chai. Naliaka alijaza sehemu ya mashahidi, akampa Daktari, Daktari akatia sahihi. Usaidizi wa Tajeu Meitamei ukawa salama hadi mwisho wa shahada. Alipaswa kufurahi, na alifurahi, lakini alikuwa amesimama nje ya zizi la baba yake kama mtu aliyekuja kununua.

Lemein alifika kutoka ng'ambo ya waya, akafungua lango. Ng'ombe wakaanza kutoka. Walipita mbele ya Tajeu na kila mmoja alipunguza mwendo kidogo alipomfikia, wakingoja kitu. Mpus hakupita. Alisimama, akaweka kichwa chake kizito kwenye kifua cha shati la ofisini, na wa nyuma yake wakasimama pia, zizi lote likasimama.

Daktari Ndambuki aligeuka ghafla akaanza kumweleza Naliaka habari za mawingu.

Tajeu aliinama kwenye sikio la Mpus. Alisema kwa Kimaa, chini sana, mama yake tu akasikia.

"Kesho kuwatoa ni mimi."